Uzuri wa Mkakasi: Nakshi za Silaha na Pata Potea ya Makasha

Wazee wetu walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huu ulinijia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, nilipomkuta mpwa wangu amekodolea macho kioo cha kompyuta, pumzi ameishika kama mvuvi aliyehisi samaki akigusa mshipi. Mbele yake picha za bunduki zilikuwa zikipita mbio, moja baada ya nyingine.

"Ngoja kidogo, mjomba," aliniambia. "Kisu kinakuja."

Kisu kilikuja kweli, kikapita. Kilichosimama ni kibastola cha rangi ya buluu. Kijana akashusha pumzi. "Umeona kilivyokaribia? Kimenikosa kwa nywele!" Nilipomuuliza ametoa kiasi gani, alinijibu kwamba ni ufunguo mmoja tu. Nilipozidi kumhoji nikafahamu kwamba huo mmoja ulikuwa wa kumi na moja tangu mwezi kuandama.

Mchezo wenyewe huitwa Counter-Strike, na wenyewe ni kampuni ya Valve ya Marekani. Makundi mawili hupambana kwa bunduki. Moja hutega bomu, la pili hulizuia. Toleo liitwalo Global Offensive lilitoka mwaka 2012, na Agosti 2013 yakaongezwa mapambo ya silaha ambayo vijana huyaita skini. Septemba 2023 toleo hilo lilipisha Counter-Strike 2, na mapambo yakahamia huko pamoja na wenyewe.

Ni muhimu msomaji afahamu kwamba mapambo hayo hayaongezi nguvu yoyote. Bunduki iliyopambwa haipigi mbali kuliko isiyopambwa, wala kisu chenye rangi ya dhahabu hakikati zaidi ya kile cha chuma kitupu. Hata uchakavu wake ni wa kuandikiwa. Kila silaha huzaliwa na daraja lake kati ya madaraja matano, kuanzia mpya kabisa hadi iliyochubuka, na haitachakaa zaidi ya hapo hata itumiwe miaka kumi.

Je, kupenda silaha yenye nakshi ni upuuzi? Sisi watu wa pwani hatuna uso wa kulisema hilo. Bwana harusi wetu huvaa joho na jambia kiunoni, wala hakuna anayetazamia kwamba atalichomoa. Khanjari ya Oman imo hata katika bendera ya nchi hiyo. Na karambit, kisu kilichopinda mfano wa ukucha ambacho wachezaji wa mchezo huu hukililia, asili yake ni kwa Waminangkabau wa Sumatra, Waislamu wenzetu. Binadamu amependa kurembesha chombo chake tangu zama za kale. Nakshi nyingi za mchezo huu huchorwa na mafundi wa nchi mbalimbali, nao hulipwa kwa kazi yao. Kwa hayo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni juu ya namna pambo hilo linavyopatikana. Mchezaji hupata kasha lililofungwa, ama kwa kucheza ama kwa kulinunua, na ufunguo wake huuzwa dola 2.49. Akishalifungua hajui kitakachotoka. Mwaka 2017 China ilizilazimisha kampuni za michezo kutangaza uwezekano wa kila kitu kilichomo katika makasha yao, na hapo siri ikafichuka. Katika kila makasha mia, karibu 80 hutoa silaha ya daraja la buluu, la chini kabisa, ambayo aghalabu thamani yake haifiki hata ile ya ufunguo. Nyekundu ni asilimia 0.64. Kisu ni asilimia 0.26, yaani kisu kimoja kwa wastani wa makasha 385. Piga hesabu, ndugu msomaji: ni funguo za zaidi ya dola 950 kwa kisu kimoja, bila ya kuhesabu bei ya makasha yenyewe, na wala hakuna ahadi kwamba kitatoka.

Wapo wasemao kwamba hii si kamari, kwani kila afunguaye hupata kitu. Lakini hata yule mwenye karata tatu za pata potea barabarani angeweza kumpa kila aliyeliwa peremende moja, na mchezo wake usingebadilika jina. Mimi si mufti, na fatwa nawaachia wenyewe. Najua tu tulilofundishwa chuoni tukiwa wadogo: kwamba aya ya 90 ya Suratul Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi, na kwamba wanavyuoni wamekataza kuuza kisichojulikana, wakatoa mfano wa samaki aliye bado baharini. Kasha hili ni samaki wa namna hiyo.

Wala si Waislamu pekee walioingiwa na wasiwasi. Oktoba 2016 tume ya kamari ya jimbo la Washington, nyumbani kwa Valve, iliitaka kampuni hiyo izuie skini zisitumiwe kuchezea kamari katika tovuti za watu wengine. Aprili 2018 tume ya Ubelgiji ilisema kwamba makasha ya mchezo huu ni kamari isiyo halali, na mwaka huo huo wachezaji wa huko wakafungiwa wasiyafungue. Oktoba 2019 Valve wenyewe walieleza kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa na kubadilishwa sokoni waliamini zilitokana na ulaghai, ndipo wakakataza funguo mpya zisihame kutoka mkono hadi mkono.

Kwani soko lipo, tena kubwa. Mwaka 2018 bunduki moja yenye picha ya joka iliuzwa kwa zaidi ya dola 60,000. Katika soko la Valve, kampuni hukata asilimia 15 katika kila biashara, na fedha zinazobaki humo humo hutumika. Atakaye taslimu huenda kwenye masoko ya nje, kwa hatari yake mwenyewe.

Na je, aliyenunua amemiliki? Oktoba 2025 Valve walibadili kanuni moja tu: silaha tano nyekundu zikaweza kubadilishwa kwa kisu kimoja. Visu vilivyokuwa adimu vikawa si adimu tena, na kwa makadirio ya wanaolifuatilia soko hilo, karibu dola bilioni 2 za thamani ziliyeyuka kwa muda wa siku chache. Hakuna aliyeibiwa hata kisu kimoja. Kila mtu alibaki na chake, ila bei ilikuwa mkononi mwa mwingine tangu awali.

Wazazi wenzangu, tusikimbilie kuvunja kompyuta. Kijana asiyejua kwa nini amekatazwa atakwenda kucheza kwa jirani. Tukae naye, tumuulize anafungua nini, na tumfanyie hesabu mbele ya macho yake.

Nami nilifanya hivyo. Nilichukua karatasi, tukaandika funguo kumi na moja mara dola 2.49, kisha tukaorodhesha bei za alivyovipata. Alipoona jumla mbili zile, kijana alinyamaza kitambo.

"Lakini mjomba," akasema mwishowe, "kile kisu si kilikaribia?"

Nikamwambia kwamba kisu hakikukaribia kitu. Picha ndiyo iliyotengenezwa ipite karibu, ili mkono wake urudi tena mfukoni.