Mteule Bado Hajaapa



Jioni moja darasani tulisoma gazeti. Tukafika penye maneno "Rais mteule". Mama mmoja akaweka kidole juu ya neno hilo. Akauliza, "Mwalimu, sisi tulipiga kura, tukachagua. Huyu kateuliwa na nani?"

Aliuliza vema. Siku hizi tukisema kuteua, tunafikiri kazi inayotolewa bila kura. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Diwani wa kata huchaguliwa na wananchi. Lakini katika Katiba yetu, Rais mteule ni yule aliyeshinda uchaguzi akatangazwa, ila bado hajaapa. Ibara ya 42 inasema ashike madaraka kabla ya kupita siku saba.

Mwaka 2015 John Magufuli alitangazwa mshindi tarehe 29 Oktoba. Aliapishwa tarehe 5 Novemba. Siku zile za katikati Rais alikuwa nani? Alikuwa Jakaya Kikwete. Magufuli hakuweza kuteua hata waziri mmoja.

Jirani zetu wa Kenya hungoja zaidi, ili mwenye malalamiko aende mahakamani. William Ruto alitangazwa tarehe 15 Agosti 2022. Kesi ikasikilizwa, akashinda, akaapishwa tarehe 13 Septemba. Kama angeshindwa kesi, asingeapishwa.

Wengine wanataka tuseme "Rais aliyechaguliwa", tuache mteule. Mimi sikubali. Hata Rais aliyekaa Ikulu miaka minne ni Rais aliyechaguliwa! Neno mteule linatuambia: ameshinda, lakini ngoja kwanza.

Tena tulitumie hapa kijijini. Matokeo yakitangazwa tu, ngoma zinalia, na mtu anaitwa Mwenyekiti. Kesho yake, asubuhi na mapema, mwenzetu anampelekea karatasi za kuuziana shamba atie sahihi. Ndugu, huyo ni mwenyekiti mteule. Hajaapishwa. Sahihi yake siku hiyo ni sawa na sahihi ya jirani yako yeyote. Umetoa fedha za mavuno ya mwaka mzima. Ugomvi ukitokea, utaonyesha nini barazani?

Mpe mkono, mpongeze, karatasi zako zirudishe nyumbani mpaka aape. Kama una haraka, mwone Afisa Mtendaji wa Kijiji, umwulize la kufanya. Yeye ameajiriwa, hachaguliwi kwa kura.