MUUGUZI AFUNDISHWE KUTAFUTA SABABU

Msafiri atokaye Mingoyo kwenda Masasi hufika Nanganga, pale njia ya Ruangwa inapoachana na barabara kuu. Akitazama kusini huona ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde, na akiendelea mbele kidogo hufika Ndanda, penye hospitali kubwa ijulikanayo kusini kote. Twataja mahali hapo kwa sababu jambo tutakalo kulizungumza leo laonekana vizuri zaidi ukiwa njiani kuliko ukiwa ofisini. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, katika kijiji kilicho mbali na barabara hiyo, hamwoni daktari kwanza. Amwonaye kwanza ni muuguzi wa zahanati, na mara nyingi muuguzi huyo yu peke yake. Ajuavyo muuguzi huyo, na asivyojua, ndiyo afya ya kijiji kile.

Kwa hiyo twaona si sawa kuifanya elimu ya wauguzi kuwa shauri la Wizara na wakuu wa vyuo peke yao. Ni shauri la kila mfanyakazi, na la kila mwanachama katika shina lake.

Nchi hii ya kusini si mgeni katika kazi hiyo. Misheni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, na hospitali yake ikawa mahali pa kutibu na pa kufundisha. Upande wa Masasi, Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi, na baadaye akahamia Mnero. Alifundisha vijana wa hapa hapa kazi ya uuguzi, katika siku ambazo wengi wa watawala hawakudhani kwamba kijana wa Kimakonde au wa Kiyao aweza kukabidhiwa wodi. Daktari huyo huyo akawa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu mwaka 1975 hadi 1980. Leo Newala ina chuo chake cha uuguzi, na Ndanda vilevile. Mbegu iliyopandwa imeota, wala hatuna haja ya kuanza upya.

Lakini kufundishwa kutibu ni jambo moja, na kufundishwa kuuliza kwa nini watu wanaugua ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tulitakalo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Katika mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa ajabu ulizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, katika nchi ya Newala na Masasi. Mtu alishikwa na homa ghafula, na viungo vikamuuma hata asiweze kusimama wima. Wenyeji waliuita kwa neno la lugha yao lenye maana ya kupindika au kukunjamana, na neno hilo, chikungunya, leo lasomwa katika vitabu vya uganga vya dunia nzima. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake. Daktari Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, akatembea vijijini kutafuta chanzo. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955.

Chanzo kilikuwa nini? Uwanda ule hauna mito. Watu waliteremka mabondeni kuteka maji, wakayapandisha kichwani mwendo wa saa nyingi, na maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayakumwagwa hata tone. Yaliwekwa mitungini ndani ya nyumba siku nyingi. Na mbu waenezao ugonjwa ule hupenda maji ya namna hiyo hasa: safi, yaliyotulia, karibu na mtu alalapo. Basi ugonjwa ulikuwa wa virusi, lakini nyuma ya virusi walikuwako mbu, na nyuma ya mbu shida ya maji. Mganga angeweza kugawa dawa za maumivu mwaka mzima asiuone mtungi. Ni yule aliyeingia nyumbani na kuuliza maji yanatoka wapi aliyeufahamu ugonjwa.

Ugonjwa huo haukubaki Newala. Mwaka 2004 ulizuka Lamu, ukavuka hadi Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 uliwashika karibu theluthi ya watu wa kisiwa cha Réunion kabla ya kuenea India. Yaliyochunguzwa katika vibanda vya Wamakonde yakawa msaada kwa watu wasiopata kuijua Newala ni wapi.

Twataja hayo si kwa kujisifu tu. Twataka vijana wa Newala wafundishwe habari hiyo darasani kuwa ni yao. Twajiuliza ni wanafunzi wangapi wa uuguzi katika mikoa ya Mtwara na Lindi waijuao.

Sasa tutazame mambo ya siku za karibu. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walizihesabu kaya zipatazo 226,000 katika wilaya tano za kusini, Newala na Ruangwa zikiwamo. Waliuliza juu ya kila mwanamke aliyefariki tangu mwaka 2004. Walikuta kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 712 walifariki wakiwa wajawazito au karibu na kujifungua. Na walipotenga vifo vitokanavyo na uzazi wenyewe, kama vile kutokwa na damu, walikuta kwamba kwa wale waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali idadi ilikuwa 111. Kwa wale waliokaa zaidi ya kilomita 35 ilikuwa 422. Umbali ndio uliowaua. Twafahamu kuwa tangu hapo taifa limepiga hatua: uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015/16 ulipata vifo 556, na ule wa mwaka 2022 ukapata 104. Ni habari njema sana. Hata hivyo wastani wa taifa haumwambii mtu wa kijiji cha ndani hali ya kijiji chake.

Uchunguzi mwingine ulitoa jibu ambalo halikutazamiwa, na kwa maoni yetu ndio wenye mafunzo makubwa kuliko yote. Tangu mwaka 2010 ulifanywa mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga katika wilaya sita za Mtwara na Lindi. Mamia ya wanawake wa vijijini walijitolea kuwatembelea wajawazito nyumbani, mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baadaye. Walikuwa na kazi ya kweli. Uchunguzi uliotangulia ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto akizaliwa nyumbani aliwekwa kando mpaka kondo la nyuma litoke, kisha akaogeshwa mara moja, naye bado ana baridi. Wanawake wale wa kujitolea walieleza, na wenzao wakasikia. Watoto wengi zaidi walinyonyeshwa maziwa ya mama peke yake katika siku zile za kwanza, na waliozalia nyumbani walizalishwa kwa usafi zaidi. Lakini mwaka 2013, idadi ya watoto wachanga waliokufa ilipohesabiwa, vijiji vilivyotembelewa havikuonyesha nafuu kupita vile ambavyo havikutembelewa.

Wako watu ambao wangelificha jibu la namna hiyo. Watafiti wale walilichapisha, na twawashukuru. Sisi twalisoma hivi: mama alikwisha kukubali. Katika miaka ile idadi ya wanaojifungulia zahanati na hospitali ilikuwa imepanda sana. Mama alifanya alivyoambiwa, akafunga kanga yake akaenda. Swali ni nini kilimngoja alipofika. Kama muuguzi hakufundishwa kumpulizia pumzi mtoto aliyezaliwa bila kulia, au amefundishwa lakini kifaa hakipo, basi ushauri wote aliopewa mama nyumbani umeishia mlangoni pa zahanati.

Tandahimba ilionyesha upande wa pili. Katika miaka ile ile, wauguzi na wahudumu wa zahanati za wilaya hiyo walikusanywa katika vikundi, wakafundishwa kuihesabu kazi yao wenyewe. Mathalan, kati ya wanawake waliozalia kwetu mwezi uliopita, ni wangapi waliochomwa sindano ya kuzuia damu katika dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka? Walichora hesabu hizo kwenye karatasi, wakaulizana sababu, wakajaribu njia moja na kuitazama kama yafaa. Newala, jirani yao, ilitumiwa kuwa ya kulinganisha. Desturi ya kutoa sindano ile kwa wakati wake ilipanda sana Tandahimba. Hapana profesa aliyehamia pale. Ni daftari la zahanati lililosomwa na yule yule anayeliandika.

Hapa ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Muuguzi wa zahanati huandika sana: daftari la wajawazito, la watoto, la chanjo, la dawa. Huandika, hujumlisha, hupeleka wilayani, na jumla ile hairudi. Yeye amekuwa tarishi wa tarakimu. Twataka mwanafunzi wa uuguzi, hata yule wa cheti, afundishwe kuyasoma madaftari hayo kabla ya kuyapeleka, na kabla ya kumaliza masomo apangiwe kijiji kimoja achunguze jambo moja dogo: kwa nini wanawake wa upande ule wa mto huchelewa kufika kliniki, au maji ya kunawia yanatoka wapi. Atakachokipata akisome mbele ya wanakijiji, nao wamsahihishe.

Tena afundishwe ulimi. Wanawake wa kusini walipoulizwa zamani sababu za kuzalia nyumbani, walitaja umbali na fedha, na uchungu uliowashika kwa ghafula. Lakini walitaja pia maneno makali ya wahudumu. Hilo halingoji bajeti.

Wapo watakaotuambia kwamba muuguzi aliye peke yake, ambaye azalisha usiku na kutoa chanjo asubuhi, hawezi kuongezewa utafiti. Hoja hiyo ni ya haki wala hatuipuuzi. Muuguzi wa pili apelekwe, na nyumba yake iwe imekwisha kujengwa kabla hajafika, maana kijana aliyelala kwenye chumba cha kuazima miezi sita haombi ila uhamisho. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Watu hao, na watoto wao, hawawezi kushindwa na nyumba ya vyumba viwili.

Na wale wachunguzi watokao mbali, wanaokuja na karatasi zao za maswali, nao wana deni. Mama wa Ruangwa ameulizwa habari za uzazi wake, na za mtoto aliyemzika, akajibu kwa hisani. Majibu yamechapishwa London na Marekani kwa lugha asiyoisoma. Twashauri halmashauri za kusini ziweke sharti kwamba hakuna kibali cha utafiti wa afya kitakachotolewa bila ahadi ya kurudisha matokeo yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani katika kila zahanati iliyochunguzwa, na muuguzi wa hapo ausome kwa sauti siku ya kliniki.