Jumapili ya dada wa kazi

Mtoto wa kipaimara katika kanisa letu la Kilutheri ukimuuliza amri ya tatu, anakujibu bila kujikwaa kwamba siku ya Bwana inapaswa kutakaswa. Ukimuuliza maana yake, anaeleza kuwa tusiyadharau mahubiri wala Neno la Mungu, bali tulisikilize kwa furaha na kujifunza. Yuko sawa. Ndivyo Martin Luther alivyoifafanua katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, na ndivyo tunavyoikariri hadi leo. Mimi nafundisha darasa hilo hapa Dar es Salaam, na wakishamaliza kukariri huwa nawaambia wafungue Kumbukumbu la Torati sura ya 5, waisome amri yenyewe mpaka mwisho. Wanashangaa kuona ilivyo ndefu. Inamtaja mwenye nyumba, mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda, hata mgeni anayeishi kwake. Halafu inatoa sababu: watumishi nao wapumzike sawasawa na bwana wao, kwa kuwa huyo bwana mwenyewe, au baba zake, waliwahi kuwa watumwa Misri.

Hapo hakosi mtoto wa kunyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo na dada wa nyumbani?"

Ndiyo, na dada wa nyumbani.

Nasema wazi kwamba sisi Wakristo wa mjini tumeishika nusu ya amri hii, ile inayotupeleka kanisani, na nusu nyingine tumeiacha jikoni. Tuna ibada ya kwanza na ya pili, tuna kwaya tatu, tuna bahasha za ahadi. Lakini nyumba nyingi tunazotoka asubuhi ile zina binti mmoja ambaye Jumapili kwake ndiyo siku yenye kazi nyingi kuliko zote. Mimi nimewahi kuwa binti huyo.

Nilitoka Makete miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, mama amenifungashia nguo, katekisimo na kitabu cha nyimbo. Familia iliyonipokea Dar ilikuwa ya watu wa kanisa hasa, baba mzee wa kanisa, mama mwanakwaya. Hawakuwa watu wabaya. Hawakunipiga, mshahara nilipewa, jioni tulisali pamoja sebuleni. Jumapili niliamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa wa pasi, maana mashati ya watoto na sare ya kwaya vilitakiwa vinyooke kabla ya saa kumi na mbili. Chai, viatu, nywele za mtoto mdogo, kisha gari likaondoka nami nikabaki na vyombo. Kengele ya kanisa niliisikia vizuri kabisa, kwa sababu halikuwa mbali.

Kazi yenyewe ilianza waliporudi. Wanaosali kwetu wanaujua mnada: ibada ikiisha, sadaka za mazao hunadiwa pale nje, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku. Mama alipenda kununua kuku ili kuchangia ujenzi. Kuku huyo alifika nyumbani saa saba mchana, mzima, amefungwa miguu, na wageni wawili watatu nyuma yake. Nilimpokea mlangoni. Kumchinjisha, kumnyonyoa, kumkatakata, kupika wali wa wageni, kutenga, kutoa vyombo, kuosha, vyote vilikuwa vyangu. Baba alibariki chakula kwa sala ndefu na nzuri, akimshukuru Mungu kwa siku ya mapumziko. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Meza ya Bwana sikuifikia kwa miaka mingi, na kanisa langu lilikuwa mtaa wa pili.

Sisimulii haya ili mtu aione familia ile kuwa ya wakatili. Kama wangekuwa wakatili, tungesema tatizo ni roho zao tu, tukaishia hapo. Walikuwa wema, na bado halikuwajia wazo. Kila Jumapili walihubiriwa, na hakuna mahubiri yaliyowagusia jiko lao. Ndiyo maana nasema hili ni suala la mafundisho, na wenye jukumu la kulirekebisha ni sisi tunaofundisha.

Turudi Misri basi, maana amri yenyewe inatutuma huko. Katika Kutoka sura ya 5, Musa na Haruni wanakwenda kwa Farao na ombi ambalo ukilitazama ni dogo: watu wapewe ruhusa waende jangwani wakamfanyie Mungu wao sikukuu. Waliomba nafasi ya kuabudu. Farao aliwajibu kwamba ni wavivu, ndiyo sababu wanatafuta visingizio vya ibada. Siku hiyohiyo akaamuru wasipewe tena nyasi za kufyatulia matofali, wakazitafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Ninapoisoma sura hiyo nasikia maneno ninayoyasikia sebuleni kwetu hadi leo. Huyu akitaka kwenda kanisani anataka kuzurura tu. Siku hizi mabinti ni wavivu. Aende, lakini nguo ziwe zimefuliwa na chakula kiwe tayari kabla hajatoka. Hayo ni matofali yaleyale na hesabu ileile, nasi tunayasema tukiwa na Biblia mkononi.

Sabato walipewa watu waliotoka katika mikono ya mtu wa namna hiyo. Kutoka sura ya 20 inaiegemeza kwenye uumbaji, kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, nasi tunaipenda zaidi sababu hiyo kwa kuwa haituulizi chochote kuhusu nyumba zetu. Kumbukumbu la Torati inauliza. Inamwambia aliyekombolewa kwamba alama ya ukombozi wake itaonekana katika hali ya yule aliye chini yake, siku moja kila wiki. Na haisemi mtumishi apewe nafasi ya kwenda hekaluni. Inasema apumzike. Mgeni anayetajwa pale huenda hata hakuwa wa imani ile, lakini pumziko ni lake vilevile. Kwa hiyo dada Mwislamu anayefanya kazi kwa Wakristo, nao ni wengi katika jiji hili, amri hii inamhusu kama inavyomhusu binti wa kwaya. Akitaka kulala usingizi mpaka saa tano, alale. Akitaka kumtembelea shangazi yake Mbagala, aende.

Luther mwenyewe aliliona hili. Mwaka uleule wa 1529 aliandika Katekisimo Kubwa, ambayo kipaimara hakiikariri, na humo anasema siku takatifu ipo kwanza kwa sababu ya mwili: watu wa kawaida, vijakazi na watumishi wa kiume wanaohangaika na kazi wiki nzima, wapate siku ya kupumua. Mahubiri anayaweka ya pili. Natamani kila mwalimu wa kipaimara angefundisha ukurasa huo, kwa sababu watoto wetu wanatoka darasani wakijua sababu ya pili wasiijue ya kwanza.

Kuna habari nyingine inayonigusa zaidi. Karibu mwaka 112, gavana wa Kirumi aitwaye Plinius, akitawala Bithynia katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traianus kuhusu kundi hili jipya la Wakristo. Anaeleza kwamba walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko. Ili apate ukweli zaidi, aliwatesa wajakazi wawili ambao kanisani kwao walikuwa na cheo cha uhudumu, yaani mashemasi. Wajakazi! Watu wa jikoni ndio waliokuwa viongozi wa kanisa, na wao ndio walioteswa kwa ajili yake. Leo jumuiya ikikutanika sebuleni kwa mtu, tunaimba, tunasoma neno, tunaombeana kwa majina. Mwisho mama mwenye nyumba anaita, "Dada!" na sauti inajibu kutoka nyuma, "Abee mama." Chupa ya chai inaingia na sinia la maandazi. Nimewahi kuuliza katika jumuiya moja binti yule anaitwa nani. Kati ya watu wote waliokuwepo, aliyelijua jina lake alikuwa mtoto wa miaka minne.

Serikali nayo imeshaandika yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiriwa apate mapumziko ya saa 24 kila wiki, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 Mkataba Namba 189 unaosema hivyohivyo kwa wafanyakazi wa ndani kwa kuwataja. Ni vizuri kuwa na sheria. Lakini mkaguzi wa kazi habishi hodi sebuleni. Mzee wa kanisa anabisha hodi, na anafunguliwa.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu nimeyasikia. La kwanza ni hofu: akitoka atakutana na wahuni, atarudi na mimba, nami nitawaambia nini wazazi wake. Hofu hiyo naiheshimu, mimi pia ni mama. Lakini zipo nyumba ambazo Jumapili geti hufungwa kwa kufuli nje, dada na mtoto mchanga wakiwa ndani, na sioni huo ulinzi unamlinda nani. Binti mwenye kwaya yake, mwenye rafiki wa kanisani, mwenye mwinjilisti anayemjua kwa sura, akidhuriwa yupo wa kumwambia, na akikosekana kuna atakayeuliza. Asiyetoka hana wa kumwambia, hasa pale anayemdhuru anapokuwa mtu wa nyumba hiyohiyo. Wanaoshughulika na mabinti hawa wanajua ninachosema.

La pili huletwa na akina mama wenzangu. Wanasema dada akipumzika, kazi inahamia kwao, nao wametoka kazini Jumamosi usiku hoi. Ni kweli, na ni haki yao kulalamika. Lakini nyumba hiyo ina baba, na ina kijana wa kidato cha tatu anayejua kutumia simu kwa vidole viwili. Amri ilielekezwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, hivyo aanze yeye kuosha vyombo. Kama mama ni nesi na zamu yake ni Jumapili, mkubaliane siku nyingine, mradi iwe siku nzima, ijulikane tangu mwanzo wa mwezi, wala isifutwe kila mgeni anapopiga simu kuwa yuko njiani.

Na suala la chakula lilishapatiwa jibu huko jangwani. Katika Kutoka sura ya 16, siku ya sita watu waliokota mana maradufu, wakaambiwa waoke cha kuoka na wachemshe cha kuchemsha siku hiyo, kinachobaki kiwekwe mpaka asubuhi. Hakikuoza. Maharage ya Jumapili yanaweza kuchemshwa Jumamosi. Kuku wa mnada anaweza kulala bandani usiku mmoja.

Katika usharika wetu nimepeleka maombi mawili kwa baraza la wazee. Moja ni darasa la kipaimara la Jumapili saa tisa alasiri kwa mabinti wanaofanya kazi za ndani, wasiochanganywa na watoto wa mabosi wao. La pili linahusu fomu tunayojaza tunapowatembelea washarika majumbani. Ina nafasi ya ndoa, ya ubatizo wa watoto, ya ahadi na kiasi kilichotolewa. Nimeomba kiongezwe kipengele kimoja, chini ya idadi ya watu wa nyumba: mfanyakazi wa ndani anaitwa nani, na siku yake ya kupumzika ni ipi. Na nimeomba jibu la swali hilo litoke kwake mwenyewe, mzee wa kanisa akiwa amekaa naye.