MZIGO WA MLIMANI UPIMWE KWA MIZANI



Kila kiangazi wageni hujitayarisha kupanda Mlima Kenya. Huandikiwa orodha ndefu: buti, makoti, glavu, kofia ya sufu, mfuko wa kulalia, dawa, chakula cha siku nne au tano. Orodha hiyo ni njema, wala hatuigombi. Twauliza neno moja tu: mpagazi atakayebeba vitu hivyo mgongoni, orodha yake iko wapi?

Mvua ikikosekana Ganze na mahindi yakikauka, kijana wetu huondoka kutafuta kibarua popote, hata huko mlimani. Atoka nchi ya joto. Aenda mahali ambapo kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kiasi cha digrii 6. Kilele cha Lenana ni mita 4,985, na usiku maji huganda. Naye ana shati moja na viatu vilivyotoboka! Kisha bwana mwenye safari asema, "Hawa wamezoea." Amezoea nani? Hewa nyembamba haiulizi kabila wala mshahara. Kuanzia mita 2,500 hivi yaweza kumshika yeyote: kichwa humuuma, hutapika. Akianza kuyumba kama mlevi na kusema ovyo, dawa yake ni kumteremsha mara moja, awe mgeni, awe mpagazi.

Mabwana wengine hujitetea, "Huyu si mtu wangu, ni kibarua tu." Mzigo ni wako, safari ni yako, fedha za mgeni umezipokea wewe, basi na mtu ni wako! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo yamtaka akate bima. Jirani zetu wa Kilimanjaro wameweka kipimo: mzigo wa kampuni usizidi kilo 20.

Sisi wa pwani twaijua bei ya mzigo wa kulazimishwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kwa kazi za Serikali ya kikoloni. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi makumi ya maelfu walikufa Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na wao.

Basi twataka mambo manne: mizani langoni, koti, buti na hema kwa kila mpagazi, mshahara ulioandikwa kabla ya kuondoka, bahashishi isihesabiwe ndani yake, na bima.

Ndugu, kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chakupa haki ya kuingia chama. Ingia kabla hujaubeba mzigo. Mmoja akikataa kilo nyingi hufukuzwa. Wote wakikataa, kilo hupunguzwa.