Kuongeza Maji si Kutunza Gari

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu niliwaambia vijana kwamba mwanafunzi asiyeelewa somo hasaidiwi kwa kusomewa yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Nilipostaafu nikarudi Miburani, nikakuta kosa lile lile likitendwa juu ya gari langu, na mtendaji mkuu nikiwa mimi.

Gari ni Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1985, yenye kitanda na jiko dogo nyuma. Kombi za zamani zaidi zilipozwa kwa upepo. Hii hupozwa kwa maji. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele, na mabomba marefu yanapita chini ya sakafu. Lilipochemsha, nilichota maji ya kisima nikaongeza. Lilipochemsha tena, fundi mmoja akashauri tung'oe thamostati "gari lipumue". Nikakubali. Usiku mmoja nikampakia jirani mwenye uchungu wa uzazi kumpeleka Kilindoni. Njiani gari likafuka mvuke, likagoma. Mama yule alimalizia safari juu ya pikipiki. Alijifungua salama, lakini usalama ule haukuwa hisani yangu.

Nasema wazi: kuongeza maji si kutunza gari. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Chokaa huganda ndani ya rejeta kama ukoko ndani ya birika. Chumvi huila aluminiamu ya silinda hedi. Kung'oa thamostati nako hakuondoi uchafu hata punje. Injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta na kuchakaa mapema.

Naijua hoja ya wapinzani: "Dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu, Mafia barafu ya nini?" Huyo amesoma nusu ya kibandiko. Dawa hiyo huzuia maji kuganda, ni kweli. Lakini pia huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo mawili ndiyo maradhi yetu. Watasema ni ghali. Ni ghali kuliko injini? Kuliko mama na mwanawe?

Kazi yenyewe ni ya siku moja. Injini iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha moto hakifunguliwi. Toa maji yote, rudisha thamostati nzima, jaza maji safi, fungua hita, washa hadi thamostati ifunguke. Zima, acha ipoe, toa tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Kisha jaza maji yaliyokenekwa na dawa inayofaa aluminiamu, nusu kwa nusu, inua pua ya gari, utoe hewa yote. Maji machafu yenye dawa yakinge katika chombo: ladha yake ni tamu lakini ni sumu kwa mbuzi na kwa watoto, wala yasimwagwe karibu na kisima.

Ndugu msomaji, tunapenda kuongeza kwa sababu anayeongeza halazimiki kutazama kilichomo. Nilipoyatoa maji ya Kombi yangu yalikuwa mekundu kama udongo wa kichuguu. Yalikuwa humo miaka yote, nami nilikuwa nikijaza juu yake na kujiita mwangalifu.