Kodi ipungue, sawa. Na mwalimu alipwe na nani?

Wasee, mshahara ukiingia mwisho wa mwezi sote tunalia. PAYE imekula, SHIF imekula, ushuru wa nyumba umekula. Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi kupunguza kodi ya mapato, tunapiga makofi kabla hajamaliza kuongea. Mimi leo sipigi. Hebu tufanye hesabu.

Tuseme kiwango cha asilimia 30 kishuke hadi 25. Mama mboga hapati kitu, hana PAYE. Soja wa geti anayelipwa 20,000 pia hapati kitu, kwa sababu ile afueni ya 2,400 kila mwezi tayari inafuta kodi yake yote. Wewe ambaye pesa yako inayotozwa kodi ni 50,000 utaokoa kama 883 kwa mwezi. Bosi wa 500,000? Zaidi ya 23,000. Kila mwezi!

Sasa twende shuleni. Mwanafunzi wa sekondari anafaa kutumiwa na serikali 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba pesa iliyopo inafika kama 16,900 tu. Hilo ni pengo la zaidi ya 5,300 kwa mtoto mmoja. Ukiwa na wawili, ni kama 10,600. Haya, zidisha ile 883 yako mara 12. Umeona? Ni karibu hiyo hiyo 10,600. Afueni yako yote imeishia kuziba shimo lililokuwepo kabla hata kodi haijapunguzwa. Ikipunguzwa, shimo linakuwa refu zaidi.

Na shule haitanyamaza. Utaletewa barua: pesa ya mtihani, rimu ya karatasi, pesa ya mwalimu wa BOM. Hiyo pia ni kodi, tena mbaya, kwa sababu haiangalii mshahara. Soja na bosi wanaitishwa pesa sawa.

Najua mtaniambia, "Si wanaiba tu? Afadhali pesa ibaki kwangu." Naelewa hasira. Juni 2024 tulijaa barabarani hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa. Lakini niambie ukweli, pesa ikipungua Hazina, ni lini umeona mheshimiwa ameuza gari? Mwizi huchukua kwanza, mtoto wa shule hupata makombo. Ukikata kodi bila kumkata mwizi, umemkata mtoto.

Na hii sinema tushaiona. Aprili 2020, wakati wa korona, kiwango cha juu kilishushwa kutoka 30 hadi 25. Kufika Januari 2021 kilikuwa kimerudi 30.

Mimi sisemi tusiguse kodi. Ongezeni ile afueni ya 2,400, ndio mtu wa 30,000 apate sawasawa na bosi. Hapo pesa inamfikia mwenye shida, na Hazina haimwagi mamilioni kwa walioshiba. Halafu wekeni sheria: mgao wa shule utoke kwanza, kamili, kabla ya safari za nje na chai za ofisini.

Mwanasiasa akija tena na hiyo hadithi ya kupunguza kodi, msimpigie makofi bado. Muulizeni: kwa shule unakata ngapi?