Mdaiwa wa Barabarani Apewe Njia ya Kulipa

Nchi haiendeshwi bila kodi, na barabara haijengwi kwa maneno. Naliweka hilo mbele ili asije mtu akadhani makala haya yanawafundisha madereva kukwepa malipo. Anayeitumia barabara na aichangie. Lakini lipo deni linalolipika, na lipo deni lililokwisha kuwa kifungo. Serikali yenye busara huyatenganisha hayo mawili kabla ya kuwatuma wakusanyaji wake.

Sisi Watanzania tuna ushahidi wetu wenyewe. Kwa miaka mingi kila mwenye gari alidaiwa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo kufikia 2017 ilikuwa shilingi 150,000 kwa gari lenye injini ndogo, hadi 250,000 kwa lenye injini kubwa. Ada ile haikuuliza kama gari linatembea. Ilihesabu miaka tu. Gari lililowekwa juu ya mawe uani, halina injini wala matairi, lilidaiwa sawasawa na lile linalokwenda Kariakoo kila siku, maadamu mwenyewe hakwenda kulifutia usajili. Aliyeshindwa kulipa mwaka mmoja alikutana mwaka uliofuata na ada mbili, na adhabu ya kuchelewa juu yake. Gari likazidi kuchakaa na deni likazidi kunenepa, hata kwa wengine deni likawa linaikimbilia bei ya gari lenyewe.

Mwezi Juni 2017, akisoma bajeti bungeni Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alitangaza kuifuta ada hiyo ya kila mwaka. Ikawa inalipwa mara moja tu gari linaposajiliwa, na mchango wa baadaye ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta, ulioongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Madeni ya nyuma ya ada hiyo yakasamehewa. Je, nchi ilianguka? Haikuanguka. Mwenye safari nyingi akachangia zaidi kwa sababu anajaza mafuta mara nyingi, na lile gari la juu ya mawe likaacha kumtoza mtu asiyelitumia.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Ushuru ule haukuishia kwenye petroli na dizeli. Mafuta ya taa nayo yaliongezewa shilingi 40, ili bei yake isimshawishi mfanyabiashara kuchakachulia dizeli. Sababu ina maana, lakini matokeo yake ni kwamba mama anayepikia jiko la utambi, na mtoto anayesomea kibatari, waliubeba mzigo wa watu wenye magari. Hapo ndipo penye funzo kubwa. Kila msamaha una gharama, na gharama hiyo ikiachwa ijitafutie pa kutua, itatua kwa mnyonge kuliko yule aliyesamehewa. Anayeandaa nafuu ya madereva wa kipato kidogo lazima aseme tangu mwanzo nani ataifidia.

Mwaka 2018 serikali ilipiga hatua nyingine. Ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa wenye malimbikizo ya kodi, hadi asilimia 100, kwa sharti kwamba kodi yenyewe ilipwe, na kwa awamu kwa asiyeweza kulipa kwa mkupuo. Wafanyabiashara wakubwa kwa wadogo walifunguliwa mlango huo. Kisha mwaka 2021, katika bajeti ya Dkt. Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wakati huo, faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Serikali ilikubali kwamba mwenye bodaboda hawezi kuadhibiwa kwa kiwango cha mwenye basi.

Basi misingi miwili tunayo tayari: kusamehe adhabu ili deni lenyewe lilipwe, na kupima malipo kwa uwezo wa mlipaji. Kilichobaki ni kuiunganisha na kuifanya kanuni ya kudumu kwa watu wanaokula kwa usukani.

Tazameni hali ilivyo. Faini isiyolipwa ndani ya siku saba huongezewa robo yake: 10,000 inakuwa 12,500, na 30,000 ya mwenye gari dogo inakuwa 37,500. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, nyongeza hiyo ni usumbufu. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na anayekula kile kinachobaki, ni chakula cha nyumbani. Siku ya kwanza anaahirisha kwa sababu mtoto anaumwa, wiki ya pili anaahirisha kwa sababu ya kodi ya chumba. Na kwa kuwa deni hufuata namba ya chombo, dereva mpya anayekabidhiwa bajaji leo anaweza kusimamishwa kesho kwa makosa ya aliyemtangulia.

Mtu aliyefika hapo hatafuti tena njia ya kulipa, anatafuta njia ya kupita. Anakwepa barabara kubwa na kuzunguka vichochoroni. Bima inakwisha, haikati nyingine. Akiuza chombo, anakiuza bila kubadilisha jina kwenye kadi. Na akisimamishwa na askari asiye mwaminifu, atampa huyo anayetaka kidogo sasa hivi, badala ya Hazina inayotaka chote kwa pamoja. Adhabu iliyokusudiwa kuongeza mapato inakuwa imeyatorosha, na barabara imebaki na vyombo visivyo na bima.

Najua watakaosema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini hata dawa hupimwa kwa mgonjwa, na kipimo cha mtu mzima humdhuru mtoto. Wengine watasema kwamba msamaha unawadhulumu waliolipa kwa wakati. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni kwamba deni la msingi lisisamehewe. Mwendo wa kasi, kubeba abiria mishikaki na kuendesha bila kofia ngumu ni makosa yanayoua watu, na faini zake zibaki pale pale. Kinachoondolewa ni kile kilichozaliwa na ucheleweshaji peke yake, tena kwa anayejitokeza.

Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa wabunge, bajeti ijayo itakapofika mbele yenu, mdai mambo matatu. Kwanza, dereva wa bodaboda, bajaji na teksi anayejitokeza mwenyewe asamehewe nyongeza zote za ucheleweshaji. Pili, aruhusiwe kulipa deni la msingi kwa awamu kupitia simu yake, na maadamu anazilipa, chombo chake kisikamatwe kwa ajili ya deni hilo, kwani ukikishika chombo umekishika pia kile ambacho angekulipia. Tatu, pengo lifidiwe na wenye magari ya kifahari, wala lisipelekwe tena kwenye mafuta ya taa.

Nanyi matajiri wa bodaboda na bajaji, msijifiche nyuma ya vijana wenu. Kagueni madeni ya chombo kabla ya kumkabidhi dereva mwingine, na lipeni yaliyo yenu. Nanyi madereva, ndugu zangu, mkiona mlango umefunguliwa, ingieni. Viongozi wa vijiwe wawakusanye wanachama wao, waangalie madeni yao pamoja, na wapangiane jinsi ya kuyapunguza kupitia vikoba vyao. Msamaha usiotumiwa huwapa hoja wale wanaosema kwamba maskini halipi hata akibembelezwa. Wakanusheni kwa risiti.

Dini zetu zinamwagiza mdai ampe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na zinamwagiza mdaiwa asiifanye nafasi hiyo kuwa kimbilio la uvivu. Serikali na itimize agizo la kwanza, madereva watimize la pili, na tuanze na bajeti ijayo.